Umanjano Juu ya Kioo

Marehemu alikuwa amepiga magoti. Kifua chake kilikuwa kimelalia sanduku la mbao, kisogo kimepasuka, na penseli bado iko kati ya vidole. Jina lake lilikuwa Bartolomayo, mwalimu wa misheni kutoka Mlali, na alikuwa amefika Dodoma kwa kazi moja tu: kukagua darubini kuukuu kabla padri wake hajainunua.

Ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana, mwaka 1912. Banda lenye darubini lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bwana Vogt, Mjerumani mpima ardhi, nje kidogo ya mji katika njia ya Zuzu. Mlangoni alikaa mzee Matonya, mlinzi wa nyumba hiyo. Juu ya mapaja yake kulikuwa na kipande kizito cha chuma kilichotoka kwenye darubini, na chuma kilikuwa kimelowa damu.

"Nimemuua mimi," alisema kabla hajaulizwa.

Aliyeambiwa hivyo alikuwa Halfani bin Juma, Mrangi wa Kondoa, mwenye cheo cha shaushi, ambacho Wajerumani walimpa sajini wa askari wao. Alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo na alishasikia watu wengi wakikana makosa waliyoyatenda mbele ya macho yake. Mtu aliyemkimbilia na kosa mkononi alikuwa hajamwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umemuua kwa nini?"

"Alinitukana."

"Alikutukana nini?"

Matonya alitazama chini. "Matusi," alisema.

Bwana Mkubwa wa boma alifika kwa farasi, akatazama mlangoni bila kushuka, akafurahi. Muuaji yupo, silaha ipo, maneno ya kukiri yapo, na chakula cha mchana bado hakijapoa. Akaamuru mzee atiwe mnyororo. Baraza lingekaa Alhamisi, na hukumu ya kitanzi ingepelekwa Dar es Salaam ikathibitishwe. Ilikuwa desturi ya karatasi hizo kurudi jinsi zilivyokwenda.

"Una siku mbili za kuandika ripoti," alimwambia Halfani. "Usiipambe."

Halfani aliingia bandani peke yake.

Jeraha lilikuwa moja, nyuma ya kichwa. Marehemu hakujikinga, wala hakugeuka. Mtu anayetukanana na mwenzake humtazama usoni, na huyu alipigwa akiwa ameinama kwenye kazi yake, ametulia, amempa mgongo mtu asiyemwogopa. Halfani aliliandika hilo kwanza.

Mbele ya maiti, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na kioo cha mviringo, kipana kama sahani ya pilau na kinene kama vidole viwili. Kilitolewa kwenye bomba la darubini. Halfani alitarajia kuuona uso wake, lakini aliona uso wa mtu mwingine, wa kahawia na mgonjwa, kama anayejitazama ndani ya chai ya rangi.

Mfukoni mwa marehemu kulikuwa na daftari. Halfani alijifunza kusoma herufi za Kiarabu katika chuo cha Kurani cha kwao, na hizi za Kizungu alizipata baadaye, kwa hiyo alisoma polepole, mdomo ukimtembea.

"Jumamosi. Nimekitoa kioo. Fedha yake sikuigusa. Nimekiinua dirishani: mwanga unaopenya ni wa buluu, sawasawa kote. Matundu madogo manne. Ukingoni umanjano kidogo, si neno. Mikwaruzo hakuna."

Chini yake mwandiko ulikuwa ule ule, bila haraka.

"Jumatatu. Umanjano kote. Moshi. Kioo chenyewe kizima. Tunachukua."

Halfani aliyasoma maneno hayo ya mwisho mara tatu. Kama kimeharibika, alijiuliza, wanakichukuaje?

*

Bwana Vogt alikuwa amekaa barazani na mtoto wa kike wa miaka mitano mapajani. Mtoto alikuwa na nywele za rangi ya udongo mwekundu na macho ya mamaye. Watu wa mji walimwita Tabu, jina alilopewa na mama yake. Baba yake alimwita jina jingine ambalo hakuna aliyeweza kulitamka.

"Bwana, kioo hiki kilikuwa hivi Jumamosi?"

Mjerumani alikishika kwa kingo, akakigeuza, akasonya.

"Hapana. Jumamosi kilikuwa safi. Nilikuwapo mwalimu alipokikagua. Alijua kazi."

"Nifahamishe, bwana. Mimi ni mtu wa bunduki."

Bwana Vogt alieleza kwa Kiswahili cha kambini, kilichonyooka na kisicho na adabu nyingi. Fedha ya kioo cha chumbani imefichwa nyuma. Ya kioo cha darubini iko usoni, wazi, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kidole kikiigusa, imeharibika. Hewa mbaya ikiilamba, inageuka manjano, kisha kahawia, na nyota hufifia. Kwa hiyo anayenunua darubini iliyokwisha tumika hukitoa kioo, akakiinua mbele ya mwanga, akatafuta matundu, umanjano na mikwaruzo.

"Na kikishakuwa hivi, kimekufa?"

"Kimekufa? Nani kasema? Fedha inafutwa, inapakwa nyingine. Dawa kidogo, sukari kidogo, asubuhi moja. Padri wa Mlali anayo dawa. Mkwaruzo ndani ya kioo ndio hauna tiba."

Halfani alilikumbuka neno la mwisho la daftari: tunachukua.

"Bwana alikuwa wapi jana?"

"Bomani, karata, tangu asubuhi. Ufunguo wa banda unakaa jikoni."

"Nani wanaingia jikoni?"

"Matonya na binti yake, Loisi. Mama wa huyu." Alimgusa mtoto kichwani. "Jumapili Loisi hwenda kwa baba yake, Zuzu."

"Na darubini bwana anaiuza kwa nini?"

"Mkataba wangu ulikwisha mwaka jana. Darubini hii nimeiunda kwa mikono yangu, siwezi kuitupa tu. Nimesema, ikipata mtu wa kuitunza, ninakwenda kwetu. Mwaka jana alikuja kapteni wa Kilimatinde, akaona huo umanjano wa ukingoni, akakataa. Mjinga yule. Basi nikabaki."

"Na mtoto?"

"Ninakwenda naye. Dada yangu atamlea."

"Mama yake anajua?"

"Anajua. Nitamwachia ng'ombe sita." Bwana Vogt alisema hivyo kwa uso wa mtu mwema, na Halfani alimchukia hasa kwa sababu ya wema ule.

Aliomba ruhusa ya kubaki na kioo. Alikipeleka mlangoni, akakiinua juani kama daftari lilivyosema. Ndipo alipoona kwamba umanjano haukuenea kote. Katikati ya kahawia ile ilipita michirizi myembamba, myeupe, ambayo moshi haukuifikia. Miwili ilipishana katikati, na wa tatu ulizunguka karibu na ukingo. Kumbe kioo kilifungwa kamba, kikaning'inizwa uso chini juu ya moto. Alikinusa kwa nyuma. Kilinuka kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na kuchomwa.

Halfani alichora michirizi ile kwenye karatasi, ukubwa ule ule. Alikuwa amekwisha kulala katika matembe mengi ya Wagogo, akiwa safarini na kazi za boma, na alikuwa ameona vitu vilivyofungwa namna ile.

*

Matonya alifungwa peke yake katika chumba cha mwisho cha boma. Halfani aliwaondoa askari, akaketi sakafuni mbele yake.

"Mzee, kioo ulikiharibu wewe?"

"Mimi."

"Kwa moshi?"

"Kwa moshi. Nyumbani kwangu. Niliwasha mavi ya ng'ombe."

"Ulikiwekaje?"

"Nilikining'iniza."

Halfani alitoa kamba mfukoni na sahani ya bati ya askari. "Nionyeshe."

Mzee alizungusha kamba mara moja, akakaza, sahani ikachomoka ikaanguka. Alijaribu tena kwa kuipitisha chini, ikaanguka tena na kubingirika mpaka ukutani. Mara ya tatu fundo lenyewe lilimshinda.

"Nyumbani kwako, mzee, vibuyu vya maziwa nani huvifunga juu ya moto?"

Matonya aliitazama sahani pale ukutani.

"Umewahi kufunga kibuyu cha maziwa hata siku moja?"

"Ile ni kazi ya wanawake," mzee alisema, na baada ya kulisema akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mnyororo ukalia.

Alilia kwa muda. Halfani alimwacha. Kisha mzee alisogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Shaushi, wewe una watoto?"

"Ninao watatu."

"Basi niandike mimi. Mimi nimekwisha, hata nyama siitafuni. Nilimkuta binti yangu amesimama na chuma kile, amekuwa jiwe. Nikamnyang'anya, nikamwambia nenda nyumbani. Nikinyongwa mimi, Tabu atabaki na mama yake. Nani atapata hasara?"

Halfani aliyapima maneno hayo. Ni kweli, hasara ingekuwa ndogo. Bwana Mkubwa alikwisha ridhika, marehemu asingeamka, na mzee alikuwa anaomba kamba kama mtu anavyoomba maji. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, Halfani alitaka uongo ushinde.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

*

Jumanne asubuhi alikwenda Zuzu kwa miguu, peke yake. Tembe la Matonya lilikuwa refu na la chini, paa lake la udongo limepasuka kwa kiangazi. Alijitangaza mlangoni kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa."

"Mbukwenyi," sauti ya mwanamke iliitika kutoka gizani.

Loisi alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Alibatizwa angali mdogo, na alijua kusoma. Alikuwa ameketi karibu na moto uliozimika, mikono kati ya magoti. Juu yake vilining'inia vibuyu vinne vya maziwa, kila kimoja katika kamba zake: mbili zinapishana chini, ya tatu inazunguka.

Halfani alikunjua karatasi yake, akaiinua chini ya kibuyu kilichokuwa karibu. Loisi alitazama karatasi, akatazama kibuyu.

"Baba amesemaje?" aliuliza.

"Amesema ni yeye."

"Na Bwana Shaushi amemwamini?"

"Hajui kufunga kamba."

Loisi alicheka kidogo.

"Ulikichukua lini?"

"Jumamosi jioni, mwalimu alipokwenda kulala misheni. Nilikifunika kwa kanga. Kimekaa hapa usiku ule na Jumapili kutwa. Nilikirudisha jana alfajiri."

"Kwa nini moshi?"

"Yule kapteni aliona manjano kidogo tu ukingoni akakataa, na mwanangu nikakaa naye mwaka mzima. Jumamosi nikimpelekea mwalimu chakula nilimuuliza, unatafuta nini humo ndani? Akasema, umanjano. Basi nikasema nitampa umanjano."

"Hukumuuliza zaidi?"

"Ningemuuliza nini zaidi? Kila kitu cha fedha nilichokiona nyumba ile kikikaa moshini kinaharibika. Nilidhani nimemaliza."

"Jana ilikuwaje?"

Nje ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye ukuta wa tembe, na vumbi lilikuwa linadondoka juu ya jiko.

"Nilikwenda bandani nimwone akikataa," alisema. "Alikifunua, akashtuka. Alikigeuza, akakinusa, akanitazama. Alikuwa mtu wetu, Bwana Shaushi, moshi wa tembe aliujua tangu kuzaliwa. Akajua kuwa ni mimi."

"Akakukaripia?"

"Afadhali angenikaripia! Alidhani nilikiangusha jikoni, au nilikichezea, na kwamba naogopa kiboko. Akasema, 'Usilie, dada. Hii si kitu. Sitamwambia bwana wako. Fedha hupakwa upya, kule Mlali tunapaka wenyewe. Leo hii tunakifunga, kesho tunaondoka nacho.' Akanigeuzia mgongo, akaanza kuandika, na huku anaimba wimbo wa kanisani."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Alikuwa ananituliza. Kila neno alilosema la kunituliza lilikuwa linampandisha mwanangu garimoshi. Nikamwambia, mwalimu, kiache, nakuomba. Akasema, 'Mbona, dada, ni kizima hiki.' Chuma kilikuwa karibu na mkono wangu. Sikumchukia. Andika hivyo, Bwana Shaushi. Nilitaka anyamaze tu."

Halfani hakuandika chochote. Kalamu alikuwa nayo, karatasi pia.

"Na kama ningekisugua kwa mchanga?" Loisi aliuliza ghafla. "Badala ya moshi?"

Angeweza kumdanganya. Baadaye alijilaumu kwamba hakumdanganya.

"Mkwaruzo hauna tiba," alisema.

Loisi alitikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa hesabu aliyoikosa.

"Baba yako anataka niandike jina lake," Halfani alisema. "Ubaki na Tabu. Mimi sijamwambia mtu yeyote, na karatasi hii naweza kuitia motoni."

Aliona uso wa mwanamke yule ukifunguka. Kwa dakika moja, au chini yake, palikuwa na tumaini ndani ya tembe lile, na Halfani mwenyewe aliliamini. Kisha Loisi akauliza:

"Tabu yuko wapi sasa?"

*

Walimkuta barazani kwa Bwana Vogt, amevishwa viatu. Vilikuwa viatu vya kwanza maishani mwake na alikuwa anatembea navyo kwa kunyanyua miguu juu sana. Pembeni yalipangwa masanduku matatu na begi la ngozi.

"Bwana anasafiri?" Halfani aliuliza.

"Leo, garimoshi la saa nane. Damu imemwagika nyumbani kwangu, Shaushi. Mlinzi wangu ni muuaji. Nitamlea mtoto hapa? Nilikuwa mpumbavu kungoja mwaka mzima."

"Na darubini?"

"Ah, darubini." Bwana Vogt alipunga mkono kuelekea bandani bila kugeuka. "Mpeni padri bure. Sitaki kuiona."

Loisi alikuwa amesimama nyuma ya Halfani, hatua tatu. Hakupiga kelele. Alimwita mwanawe, akapiga magoti, akamfunga vizuri kamba za kiatu cha kushoto zilizokuwa zimelegea. Alimwambia maneno kwa Kigogo, mengi, ya haraka, na Tabu aliitika kila neno huku akitazama viatu vyake. Kisha akasimama.

"Sasa andika jina langu," alimwambia Halfani. "Baba asife bure."

"Loisi, fikiri. Baba yako amekubali. Wewe bado kijana."

"Nifikiri nini? Alitaka kufa ili Tabu awe na mama. Tabu anakwenda. Atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?" Sauti yake haikupanda. "Na mwalimu naye alikuwa na mama yake, kule Mlali. Alinieleza habari zake Jumamosi, akila."

Bwana Vogt aliuliza kwa Kijerumani kuna nini. Halfani na Loisi walikuwa wamekwisha geuka kuelekea bomani.

Maelezo yaliandikwa bomani saa saba. Loisi alitia sahihi yake mwenyewe, jina zima, kwa mwandiko mzuri wa misheni. Bwana Mkubwa alikasirika kidogo kwa kuharibiwa kesi iliyokwisha, kisha akaisoma ripoti, akaona kioo, kamba na daftari, akasema ni upelelezi safi, hata Dar es Salaam hawana mtu kama huyu. Halfani alipiga saluti. Moyoni alikuwa anaomba radhi, na hakujua anamwomba nani.

Saa nane garimoshi lilipiga filimbi. Chumba cha mahabusu kilikuwa hakina dirisha upande wa stesheni, kwa hiyo Loisi aliweka kiganja ukutani na kukiacha hapo mpaka ukuta ulipoacha kutetemeka.

Matonya alifunguliwa saa tisa. Askari alimwambia yu huru, aende zake. Mzee alitoka mpaka lango la boma, akasimama, akarudi, akakaa chini karibu na miguu ya Halfani na kuanza kuzisugua alama za mnyororo.

"Nilikuambia uandike mimi," alisema.

"Nilitaka, mzee. Wallahi nilitaka."

"Mtoto amekwenda?"

"Amekwenda."

"Na huyu mtamnyonga?"

"Sijui. Karatasi inakwenda pwani."

Mzee aliwaza. Alikuwa mlinzi maisha yake yote. Kwanza wa ng'ombe wa baba yake, halafu wa mizigo ya reli, halafu wa nyumba ya Mzungu. Aliinua uso, na swali lake lilikuwa la mtu anayeuliza kazi ya kesho.

"Sasa, Shaushi, mimi nilinde nini?"

Halfani alimwinua kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka njia panda ya Zuzu, akarudi bomani kabla ya zamu yake kuanza.